Tangazo la Aibu Saa Mbili Usiku: Mwongozo Kamili wa Kuilinda Sebule na Kulalamika Mpaka Usikike

Jumapili moja, Makorora, mjini Tanga, saa mbili na dakika arobaini usiku. Taarifa ya habari imeshafika kwenye michezo, sahani za wali na samaki wa kupaka zimeondolewa mkekani. Baba mkwe amekuja asubuhi kutoka Pangani, amekalishwa kwenye kochi lenye kitambaa kipya, kofia ameiweka gotini. Yakaingia matangazo. La kwanza sabuni ya unga. La pili, mwanamke amekaa ukingoni mwa kitanda, amempa mumewe mgongo, na sauti nzito inasema ndoa nyingi siku hizi zinavunjika kwa jambo moja tu. Chupa ya dawa ikachomoza. Rimoti ilikuwa chini ya mto aliouegemea mzee, na mkono wangu haukuwa na pa kupita. Hapo ndipo mwanangu wa miaka saba alipouliza, kwa ile sauti anayosomea madrasa: "Babu, nguvu za kiume zikiisha huwa zinakwenda wapi?"

Mzee akaomba maji. Mke wangu akakumbuka ana chungu jikoni. Mimi nikatazama dari.

Haya ninayoyaandika yametokana na usiku ule na miezi iliyofuata. Nimeandika barua, nimepiga simu, nimekosea mara mbili kabla ya kupatia, na makosa yenyewe nitayaeleza kwa sababu ndiyo yaliyonifunza zaidi.

Kwanza tujue tunalalamikia nini

Asije mtu akadhani Tanga tumekuwa watawa. Mji huu ndio uliolea baikoko, ile ngoma ya kukata kiuno. Hapa ndipo vikundi vya Black Star na Lucky Star vilipoimba taarabu ambazo mtu mzima alitabasamu pembeni na mtoto akacheza bila kujua amecheza nini. Makungwi wapo, na wanayomwambia mwali ndani hayana pazia. Watu wa pwani hatuna uhaba wa maneno ya chumbani. Ila yana mahali pake, yana saa yake, na yana watu wake. Mwali hufundwa mlango umefungwa, na mjomba hapiti ukumbini siku hiyo.

Tangazo lile halikukosea kwa kusema. Lilikosea saa, na lilikosea kadamnasi. Tofauti hiyo ndiyo itakayokupa nguvu ofisini. Ukilalamikia dhambi, utasikilizwa kwa heshima kisha utasahauliwa. Ukilalamikia saa, una kanuni nyuma yako.

Kanuni zenyewe ni zile za maudhui ya utangazaji wa redio na televisheni za mwaka 2018, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya mwaka 2010. Zimeweka mpaka wa saa 3:00 usiku. Kabla ya hapo kituo kinatakiwa kichukulie kwamba watoto wako mbele ya kioo, na mambo ya watu wazima yasubiri. Tangazo nalo ni maudhui. Kulipiwa hakulitoi nje ya kanuni.

Na usijiulize kwa nini yanajazana saa hiyo hiyo ya aibu. Tarehe 31 Januari 2013 mitambo ya analojia ilizimwa hapa Tanga, mwezi mmoja baada ya Dar es Salaam. Kabla ya hapo antena juu ya mlingoti ilileta vituo vya kuhesabu kwa vidole, na kila kimoja ulikijua tabia. Leo king'amuzi cha bei ya chini kina chaneli makumi, na nyingi zinaishi kwa matangazo. Baina ya saa mbili na saa tatu usiku ndipo muda ulipo ghali, kwa kuwa nyumba nzima iko sebuleni. Mwenye dawa hakulipa ili akuaibishe mbele ya mkweo. Amelipia macho, na macho mengi yapo pale babu na mjukuu walipokaa pamoja.

Hatua ya 1: Tenganisha aibu na madhara

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na mimi niliteleza. Si kila kinachokufanya utazame dari ni tangazo baya.

Taulo za kike, uzazi wa mpango, kupima virusi vya UKIMWI, hata kondomu inapoelezwa kama kinga: haya yanaaibisha, lakini yana kazi. Binti wa darasa la sita anayeona tangazo la taulo na baba yake akakimbilia rimoti, amejifunza kwamba mwili wake ni jambo la kuzimwa. Mimi haya nimeacha kuyalalamikia. Nikiyalalamikia, nitalipoteza neno langu siku ya lile linalostahili.

Fungu la pili ni yale ambayo si haramu kuwepo, ila yamekuja mapema. Bia na pombe kali. Dawa za nguvu za kiume, zenye kitanda na shuka la hariri. Halafu kuna vionjo vya tamthilia na filamu za usiku, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu watu hawavihesabu kama matangazo. Tamthilia yenyewe inarushwa saa nne, imewekewa alama ya umri, kila kitu sawa. Lakini kituo kinachukua sekunde kumi kali kuliko zote za tamthilia ile, kofi, damu, busu, kisu, kinazibandika katikati ya katuni za saa kumi na mbili jioni ili kukuita. Kipindi kimeheshimu mpaka, kionjo chake kimeuruka ukuta. Kwa uzoefu wangu hivi ndivyo vinavyowatisha watoto wadogo zaidi, na ndivyo rahisi kuliko vyote kuvishughulikia, maana ni mali ya kituo chenyewe. Hakuna mteja wa kuogopwa. Ukitaka kuanza na ushindi mdogo, anza na kionjo.

Fungu la tatu ni yale yasiyopaswa kuwepo saa yoyote: dawa moja inayoponya kisukari, presha, bawasiri na mikosi, mganga anayerudisha mume aliyeondoka, kubeti kunakoonyeshwa kama kazi ya kumjengea mama nyumba. Haya hata saa saba usiku bado yana mashaka, na yana ofisi zake, ambazo nitazitaja mbele.

Kuhusu kubeti niongeze hili. Sheria inataka mchezaji awe na miaka 18 na kuendelea. Lakini mpira unatazamwa na mtoto wa miaka tisa, na jina la kampuni ya kubeti lilishafika vifuani mwa wachezaji wa Simba na Yanga tangu 2017. Jezi huwezi kuizima kwa rimoti. Hapo barua haitakusaidia sana. Utasaidiwa na maneno ya nyumbani.

Hatua ya 2: Dakika ile ile

Usirukie rimoti. Najua mkono unakwenda wenyewe. Lakini mtoto ambaye alikuwa hata hatazami, baba akiruka kama ameona nyoka, sasa ametazama, na atalikumbuka tangazo hilo mpaka aoe.

Kinachofaa ni kuwa na mtu wa sauti. Katika nyumba yetu ni binti mkubwa, miaka kumi na mmoja. Matangazo yakiingia, yoyote yale, mazuri na mabaya, anapunguza sauti mpaka chini. Kila mara. Kwa kuwa ni desturi, haimwaibishi mtu, na tangazo bila sauti limekatwa miguu, kwa kuwa maneno mengi mabaya yako kwenye sauti nzito ya yule bwana. Mgeni akiuliza, unasema tu, "Tunapumzisha masikio, baba."

Swali likishaulizwa, jibu. Jibu fupi, la kweli, la umri wake. Mimi nilipomaliza kutazama dari nilimwambia mwanangu: "Ni dawa ya wakubwa, na yule bwana anataka tununue. Hajui kama tunaumwa au hatuumwi." Sehemu ya pili ya jibu ndiyo yenye faida. Wataalamu wa makuzi ya watoto wamelichunguza jambo hili kwa miongo: mtoto wa chini ya miaka minne au mitano mara nyingi hatofautishi tangazo na kipindi, na mpaka afike kama miaka saba au minane haelewi vizuri kwamba tangazo lina nia ya kumuuzia. Yeye anadhani anaarifiwa. Kwa hiyo somo la kwanza ni "huyu anauza nini, na anataka nini kwetu?" Sisi tumelifanya mchezo: anayetaja bidhaa kabla haijaonyeshwa kashinda. Baada ya wiki mbili mwanangu alikuwa akisema "huyu ni wa dawa" mwanamke hajakaa hata kitandani.

Na mbele ya mkwe? Adabu yetu imeshatoa njia: zungumza jambo jingine kwa sauti, ukianza na swali la kumhusu yeye. "Baba, maji ya kivuko yalikuwaje leo?" Mzee atakushukuru kimoyomoyo.

Hatua ya 3: Daftari

Bila daftari huna malalamiko, una manung'uniko. Nunua daftari dogo la shule, lifunge kamba kwenye meza ya televisheni. Kila tukio liandikwe siku hiyo hiyo:

- tarehe na siku;
- saa na dakika;
- jina la chaneli, na king'amuzi ulichotazamia;
- kipindi kilichokuwa kikiendelea;
- tangazo la nini, linaonyesha nini, linasema nini;
- limerudi mara ngapi;
- nani walikuwepo, na umri wa watoto.

Hapo kwenye saa ndipo nilipofanya kosa langu la kuchekesha. Simu yangu ilionyesha 8:41, nami nikaandika barua yangu: "saa 8:41 usiku." Kituo kikanijibu kwa upole kabisa kwamba saa nane na dakika arobaini na moja usiku watoto wanatarajiwa wawe wamelala, na tangazo lilikuwa halali. Walikuwa sahihi! Saa nane usiku ya Mswahili ni wakati popo wanakula maembe. Andika saa ya Kiswahili na ile ya mfumo wa saa ishirini na nne pamoja: saa 2:41 usiku (20:41). Kituo kina orodha ya matangazo yaliyorushwa kwa dakika, na anayeipekua anataka namba isiyo na utata.

Piga picha ya kioo kwa simu, au video ya sekunde chache. Ushahidi huo ni wa barua. Usiutupe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ukiwa na maneno "jamani oneni." Ukifanya hivyo umekuwa kituo cha pili cha utangazaji, tena kisicho na leseni, na picha ikiwa ya utupu unaweza kujikuta kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kabla ya waliokukera.

Usikae muda mrefu na daftari lako. Vituo vinatakiwa kutunza rekodi za walichorusha, lakini kwa muda maalumu tu. Matukio matatu ndani ya wiki mbili yanatosha kuandikia barua.

Hatua ya 4: Mjue mwenye kosa

Kama ni chaneli ya hapa nchini, mwenye kosa ni kituo. Yule muuza king'amuzi amebeba tu, kama dereva wa lori la mpakani Horohoro asiyejua ndani ya maboksi mna nini. Kama ni chaneli ya nje iliyoletwa na king'amuzi cha kulipia, huna haja ya kuandika barua Ulaya au Uturuki. Mwandikie mwenye king'amuzi, maana ndiye aliyepewa leseni hapa na ndiye anayepokea pesa yako kila mwezi. Wanaopata picha kwa waya uliopita juu ya paa kutoka kwa mtu wa mtaani, mwandikieni huyo mwenye waya.

YouTube kwenye televisheni ya kisasa ni nchi nyingine. Hapo tangazo limechaguliwa kwa kufuata akaunti inayotumika na yale yanayotazamwa, na mpaka wa saa tatu haulijui. Ukimwachia mtoto akaunti yako, atapata matangazo yako. Mwekee programu ya YouTube Kids, au tangazo likikera bonyeza alama iliyo pembeni yake uliripoti. Sina zaidi ya hilo. Mwongozo huu ni wa televisheni.

Hatua ya 5: Barua kwa kituo

Barua yangu ya kwanza kabisa ilikuwa kurasa tatu. Ilikuwa na methali, ilikuwa na kuporomoka kwa maadili, ilikuwa na "enzi za wazee wetu." Nilijisomea mwenyewe nikatokwa machozi. Hakuna aliyeijibu. Nilipomwonyesha jirani yangu, mwalimu mstaafu, akaniuliza: "Sasa wakikubali kila ulichosema hapa, kesho asubuhi wafanye nini?" Sikuwa na jibu.

Barua inayoshika ni fupi, ina saa, na ina ombi linalotekelezeka. Hii ndiyo niliyoituma mara ya tatu, nimeondoa tu majina:

*Kata ya Makorora,*
*S.L.P. ....,*
*Tanga.*
*Tarehe ....*

*Mkurugenzi wa Vipindi,*
*(kituo na anwani yake).*

*YAH: TANGAZO LA DAWA YA NGUVU ZA KIUME KABLA YA SAA 3:00 USIKU*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Jumapili ya tarehe ...., saa 2:41 usiku (20:41), katikati ya taarifa ya habari, kituo chenu kilirusha tangazo la dawa iitwayo .... Tangazo hilo lilirudiwa saa 2:56 usiku (20:56), na tena Jumanne ya tarehe .... saa 2:38 usiku (20:38). Tulikuwa tunatazama kwa king'amuzi cha ....*

*Sebuleni walikuwepo watoto wa miaka 7 na 11. Tangazo linaonyesha mume na mke kitandani na linazungumzia tendo la ndoa. Kwa maoni yetu haya ni maudhui ya watu wazima, na hayakupaswa kurushwa kabla ya saa 3:00 usiku kwa mujibu wa kanuni za maudhui za mwaka 2018.*

*Tunaomba tangazo hilo lihamishiwe baada ya saa 3:00 usiku, na tupate jibu la maandishi kabla ya tarehe ....*

*Natanguliza shukrani.*

*(Jina, sahihi, namba ya simu)*

"Husika na kichwa cha habari hapo juu" ni sentensi ambayo yule mwalimu mstaafu haiwezi kabisa, anasema haina mtenda. Iache. Maofisi yameizoea, na barua isiyokuwa nayo inaonekana kama imetoka kwa mpenzi.

Iandikie nakala mbili. Moja itume kwa barua pepe ya kituo, nyingine kwa posta kwa rejesta, ukitunza ile karatasi ya posta pamoja na daftari. Ukipiga simu, piga baada ya kutuma, uulize tu kama imefika na nani ameipokea. Andika jina lake kwenye daftari. Na usimgombeze dada wa mapokezi. Yeye hakulipwa na muuza dawa.

Kama majirani nao wanakereka, waambie watie sahihi barua moja badala ya kila mtu kuandika yake akiwa na hasira zake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Barua yetu ilikuwa na sahihi za nyumba saba, tukaipitisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa akagonga muhuri wake pembeni. Muhuri huo kisheria haubadilishi kitu, lakini ofisini karatasi yenye muhuri haifungiwi vitumbua.

Hatua ya 6: Kupanda juu

Kituo kikikaa kimya, au jibu lisipokuridhisha, ngazi inayofuata ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Makao yake ni Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam, S.L.P. 474, na ina ofisi za kanda. Ndani yake kuna Kamati ya Maudhui, ambayo kazi yake ni mambo haya hasa: hupokea malalamiko, humwita mwenye kituo ajieleze, kisha inaweza kutoa onyo, faini, amri ya kuomba radhi hewani au kufungia. Si kamati ya mapambo. Januari 2021 kituo kimoja cha televisheni kilifungiwa miezi sita kwa sababu ya onyesho la muziki lililorushwa moja kwa moja, ingawa adhabu ilikuja kupunguzwa.

Ukienda TCRA, kitu cha kwanza utakachoulizwa ni kama ulianza na kituo. Ndiyo maana nimesisitiza karatasi. Ambatisha nakala ya barua ya kwanza, karatasi ya posta, ukurasa wa daftari na picha. Kuna pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo lipo kwa ajili ya mlaji. Ukikwama hujui pa kupitia, hao wanakuelekeza.

Lakini TCRA inatazama kituo na saa. Uongo wa bidhaa yenyewe una wenyewe. Dawa ya hospitalini inayonadiwa kinyume na utaratibu ni ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ile iliyokuwa ikiitwa TFDA mpaka 2019. Mitishamba na waganga ni Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002. Kubeti ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Na tangazo la bidhaa nyingine linalodanganya mnunuzi lina Tume ya Ushindani. Tangazo lile la kitanda, mimi nililipeleka kwa TCRA kwa sababu ya saa, na kwa Baraza la Tiba Asili kwa sababu ya chupa. Nakushauri ufanye vivyo hivyo: mwenye dawa akiulizwa kibali, mara nyingine tangazo linapotea lenyewe bila mtu kubishana juu ya saa.

Hatua ya 7: Funga king'amuzi, ukijua mpaka wake

Karibu kila king'amuzi kina kufuli ya wazazi. Ingia kwenye menyu, tafuta mipangilio, kisha sehemu ya udhibiti wa wazazi. Utaombwa namba ya siri. Ile ya kiwandani mara nyingi ni 0000 au 1234, na mtoto wako anaijua, kwa hiyo ibadilishe kwanza. Usiweke mwaka wako wa kuzaliwa. Kisha fungia chaneli nzima zile zisizo za watoto, na kwenye ving'amuzi vinavyoruhusu, weka umri wa juu wa vipindi.

Ila kufuli hii inasoma alama ya kipindi. Tangazo halina alama. Taarifa ya habari ni ya watu wote, na kitanda kitapita katikati yake kikiwa kimevaa joho la taarifa ya habari. Kwa hiyo funga, lakini usiache daftari.

Kinachosaidia zaidi ni ratiba. Katuni za watoto wangu zinarekodiwa kwenye flashi na mwenye king'amuzi kinachorekodi (mimi sina, anarekodi shemeji, Chumbageni), wanatazama kesho yake na matangazo tunayaruka. Ramadhani, baada ya futari, televisheni yetu inakaa kwenye chaneli moja tuliyokwisha kuipima, na hakuna kuhamahama, maana unapohama ndipo unapoangukia.

Na nje ya sebule yako

Watoto wengi wa mji huu hawatazami kwao. Wanatazama kwa jirani, au mpira kwenye kibanda umiza. Kwa jirani nenda wewe mwenyewe, jioni, ukiwa na kitu mkononi, hata mihogo ya kukaanga. Usiseme "mwanangu ameona uchafu kwako." Sema, "Jirani, yale matangazo ya saa mbili yamenishinda kwangu, wewe unafanyaje?" Atakueleza ya kwake yaliyomshinda, na hapo mna nyumba mbili kwenye barua.

Kibanda umiza ni kigumu zaidi. Pale kioo ni kikubwa, wakubwa wamejaa, na wakati wa mapumziko matangazo ya kubeti yanasomwa huku mikeka halisi, yaani karatasi za kubeti, inajazwa pembeni. Tulimwomba mwenye kibanda cha huku Makorora, ambaye watoto wote wanamwita ami, azime sauti wakati wa mapumziko na aweke muziki wake. Akakubali siku hiyo hiyo, kwa sababu hata yeye anauza maji na karanga vizuri zaidi watu wakizungumza. Hatukuhitaji kanuni wala muhuri.

Sasa yule wa dawa. Jibu la kituo lilikuja baada ya wiki tatu, mistari minne: wamepokea, wanashukuru, tangazo limehamishiwa baada ya saa 3:00 usiku. Nikamsomea baba mkwe kwenye simu, akacheka mpaka akakohoa. Siku kumi na moja tangazo halikuonekana. Siku ya kumi na mbili, mwanamke akakaa ukingoni mwa kitanda saa 2:58 usiku (20:58). Binti yangu alikuwa ameshapunguza sauti. Mdogo wake akasema "huyu ni wa dawa," nami nikavuta kamba ya daftari.